Njia za mashambani Uingereza ni zetu pia, tokeni mkatembee

Jamani leo niacheni niseme, nimeudhika. Jumapili tulikuwa Sussex, kusini mwa England, mimi na mwenzangu, hijabu zetu kichwani na mabuti miguuni, tunafuata njia inayopita ukingoni mwa shamba la ngano, akatokea bwana mmoja na mbwa wake akatusimamisha. Mmepotea? Tukamwambia hapana, tunaelekea baharini. Akasema hili shamba lina mwenyewe. Na pale pale aliposimama, kwenye nguzo ya geti, umepigiliwa mshale wa njano, na mshale wa njano Uingereza ni njia ya miguu ya umma, mtu wa kijijini anaujua kuliko mimi. Nikamwonyesha kwa kidole, akanyamaza, tukapita.

Hilo lilinikera nusu saa likaisha. Ambalo halijaisha mpaka leo ni la jioni, niliporusha picha kwenye grupu letu la WhatsApp, la watu wetu wa huku Uingereza, nikasimulia yaliyotokea, na badala ya watu kumshangaa yule bwana wakanigeukia mimi. "Dada na wewe ulifuata nini mashambani kwa wazungu?" Mwingine akasema ipo siku nitafunguliwa mbwa. Mwingine, mtu mzima ninayemheshimu sana, akaandika kwamba kutembea bila kwenda popote ni mambo ya watu wasio na kazi. Watu wana miaka kumi na zaidi nchi hii, wanajua njia ya kazini, njia ya dukani na njia ya Heathrow, basi.

Ndugu zangu, zile njia hakuna aliyezitoa kwa hisani. Zimepiganiwa, na waliozipigania walikuwa watu kama sisi kabisa.

Jumapili tarehe 24 Aprili 1932, vijana kama mia nne hivi, wengi wao wafanyakazi wa viwandani kutoka Manchester, na wengine wakitokea upande wa Sheffield, walipanda mlima wa Kinder Scout kule Derbyshire bila ruhusa. Wiki nzima mtu yuko kiwandani anavuta moshi na vumbi, siku yake ya kupumua ni moja, na mlima anauona kwa macho lakini haruhusiwi kuukanyaga kwa sababu umefungwa ili matajiri wachache waje kuwinda ndege siku chache kwa mwaka. Wakapanda. Walinzi wa mwenye ardhi wakawazuia kwa fimbo, wakapita hivyo hivyo, na waliposhuka wakakuta polisi wanawasubiri. Watano walifungwa jela, kuanzia miezi miwili hadi sita. Mmoja wao Benny Rothman, kijana wa Kiyahudi wa Manchester, miaka 20, alikula miezi minne. Miezi minne jela, mashtaka yakiitwa ya fujo, lakini chanzo ni kutembea kilimani siku ya Jumapili! Sheria ya hifadhi za taifa ikaja 1949, hifadhi ya kwanza, Peak District, ikatangazwa 1951 na Kinder imo ndani yake, kisha mwaka 2000 ikapitishwa sheria iliyofungua milima na nyika watu watembee, na mwaka 2002 Duke wa Devonshire, mjukuu wa yule aliyekuwa mwenye mlima, akasimama mbele za watu akaomba radhi kwa yale waliyofanyiwa wale vijana.

Sasa niambieni, mtu mwenye siku moja tu ya mapumziko kwa wiki, aliyechoka mgongo, anayeishi kwenye chumba kinachonuka unyevu, ni nani huyo leo? Si ndiye yule anayebeba maboksi usiku mpaka asubuhi? Si ndiye dada anayegeuza wagonjwa kwenye nyumba za wazee zamu baada ya zamu? Rothman na wenzake walifungwa kwa ajili ya mtu wa namna hiyo, halafu mtu huyo huyo leo ananiambia mashambani ni kwa wazungu. Inaniuma kweli. Inaniuma kwa sababu wale waliotaka Kinder ifungwe wangefurahi kuona tunajizuia wenyewe bila hata kuwekewa mlinzi.

Na haki yenyewe ina meno, si maneno matupu. England na Wales zina njia za umma zipatazo kilometa 225,000, zimechorwa kwenye ramani rasmi za halmashauri, na unazikuta kwenye ramani za Ordnance Survey, shirika la ramani la taifa, zile za Explorer, zikiwa vistari vya kijani vilivyokatika-katika. Mkulima akilima juu ya njia inayokatiza shambani ana siku 14 airudishe ipitike. Akiifunga au akiweka waya wa miba juu yake, ni kosa, na halmashauri ina wajibu wa kuifungua, unawaandikia kwenye tovuti yao tu. Tena kuna sheria ya 2009 iliyoagiza iwepo njia ya miguu kuzunguka pwani yote ya England, kama kilometa 4,300. Mtu aliyekulia pwani yetu, ambako vichochoro vya kwenda baharini tulivyopita utotoni vimezibwa na kuta za mahoteli, akisikia hivyo anatakiwa asimame.

Nakubali, si kila sehemu unaingia. Ile haki ya kutanga popote bila kufuata njia inagusa kama asilimia 8 tu ya England, Scotland wametuacha mbali sana. Nauli ya treni ni ghali, nalo nakubali. Ng'ombe wenye ndama wazungukie mbali, wanaua watu, msichukulie mchezo. Na mbwa, najua, wengi wetu tunaogopa na wanaoswali hawataki mate ya mbwa kwenye nguo, mimi huwa namwambia mwenye mbwa mapema kabla hajafika karibu, wengi wanamshika.

Lakini twendeni Seaford, mji wa pwani huko huko Sussex, mara moja tu halafu tuzungumze. Treni kutoka London Victoria, unabadilisha Lewes, ukishuka unashika pwani kuelekea mashariki. Ukipanda Seaford Head unaona mbele yako majabali meupe ya Seven Sisters, weupe wa chaki hasa, kama ile ya kuandikia ubaoni, ukipapasa inabaki mkononi. Ndani ya chaki kuna mistari ya mawe ya gumegume, meusi kama kioo yakivunjika, na ile chaki yenyewe ni magamba ya vijidudu vya baharini yaliyorundikana mamilioni ya miaka. Ukifika mto Cuckmere hakuna pa kuvukia mdomoni, unapanda nao hadi daraja la Exceat kisha unarudi baharini upande wa pili. Halafu ndiyo kazi inaanza, unapanda unashuka, unapanda unashuka, nyasi fupi zilizoliwa na kondoo, upepo unakupiga masikioni, mpaka Birling Gap, ambako nyumba zilizokuwa ukingoni zimebomoka moja baada ya nyingine kwa sababu bahari inalila jabali. Mbele kidogo kuna Belle Tout, mnara wa zamani wa taa, mwaka 1999 waliusukuma mzima mzima mita 17 nyuma usije ukadondoka. Baada yake Beachy Head, mita 162 juu ya maji, kisha unateremka Eastbourne kupanda treni.

Sisi tuliswali adhuhuri juu ya Seven Sisters. Kibla kutoka pale ni kusini mashariki, karibu huko huko unakoelekea ukitembea, tukatandika makoti ya mvua kwenye nyasi. Wakapita wazee wawili na fimbo zao, wakasubiri tumalize, wakatusalimia vizuri, wakauliza tumetokea wapi leo, tukawaambia Seaford, wakatuonya upepo unazidi huko mbele. Hao ndio wengi. Yule wa mbwa ni mmoja.

Kwa hiyo asiye na zamu Jumamosi aje, na watoto waje. Leteni chapati na flaski ya chai, buti zisizoteleza, koti la mvua hata kama jua linawaka. Ukichoka Exceat basi namba 12 linapita, la Brighton na Eastbourne, hulazimiki kumaliza. Na tafadhali, ukingoni msisogee kupiga selfi, chaki inakatika bila kutoa onyo, pale unaposimama panaweza kuwa panaelea chini hapana kitu. Watoto muwashike mikono.