Kikao cha Stoo

Mtanzania hapendi kumwambia mwenzake usoni kwamba amechemka. Atasema "umejitahidi." Nimeigiza vichekesho vya papo kwa papo hapa Dar es Salaam kwa miaka kadhaa, nimezomewa Manzese, nimenyamaziwa ukumbi mzima harusini Mbezi, lakini hakuna kilichonikata maini kama "umejitahidi" ya mama mmoja aliyenishika na bega kabisa, kama anatoa pole ya msiba.

Kwa hiyo kiongozi wetu aliporudi kutoka warsha Nairobi na habari za tathmini, tulimpokea kwa mikono miwili. Alitusimulia kuhusu The Second City, kikundi cha vichekesho cha Chicago, waliofungua milango mwaka 1959, na jinsi huko mwongozaji anavyowakalisha waigizaji baada ya onyesho akawatajia kilichokwenda na kilichogoma, bila kuzunguka. Akaja pia na habari za Keith Johnstone, Mwingereza aliyehamia Kanada akaanzisha Calgary vichekesho vinavyoendeshwa kama mechi. Kuna timu mbili, kuna waamuzi, na igizo likianza kuchosha mwamuzi anapiga honi, mnashuka. Hilo la honi lilimwingia sana. Kesho yake alikwenda Kariakoo akanunua honi ya baiskeli.

Zaidi ya honi alituletea kanuni moja: "Ndiyo, tena." Mwenzako jukwaani akisema mvua inanyesha, marufuku kumwambia jua linawaka. Unasema ndiyo, tena imeondoka na choo cha jirani, na jirani yumo ndani. Ukikataa, igizo limekufa.

Si kwamba kuigiza bila karatasi ni mambo ya kizungu. Vikundi vya sanaa vya Muungano na TOT enzi zao walikubaliana kisa kwa mdomo tu, wakapanda jukwaani, mengine wakamalizana huko huko mbele za watu. Na tathmini ilikuwepo: ukifurahisha, mtu anainuka na noti, anakubandika kwenye paji la uso. Usipofurahisha, noti inabaki mfukoni kwake na wewe unabaki na jasho lako. Hakuna aliyehitaji warsha kuelewa.

Lakini sisi tulitaka tathmini ya maneno, na hapo ndipo uswahili wetu ulipotukamata. Utaratibu ulikuwa pongezi kwanza, kasoro baadaye. Pongezi zilikula saa nzima. "Kwanza kabisa nimshukuru Mungu, pili niwapongeze wenzangu wote." Tukifika kwenye kasoro, watu wanaangalia dari. Halafu mmoja anasema, "Mimi naona labda taa." Na wote: "Eeh, kweli, taa." Hakuna kitu kilichosemwa vibaya kwenye kikundi chetu kama taa. Kuna siku tumecheza mchana, uwanjani, na bado tukalaumu taa.

Ukweli ulisemwa kwingine. Baada ya kikao rasmi, watu walijitenga wawili watatu nyuma ya gari au chooni, na huko ndiko ilikotolewa tathmini yenyewe, ile ambayo ungeisikia ungehama mji. Kiongozi alipogundua, hakukasirika. Akaamua kuirasimisha: kabla ya kikao cha wote, tukutane kwanza sisi kwa sisi, mahali pa faragha, tutoe nyongo. Tukakiita kikao cha stoo, kwa sababu mara nyingi faragha pekee unayopewa kwenye baa ni stoo ya kreti.

Sasa, Ijumaa hiyo tulikuwa Sinza, kwenye baa moja, pamoja na kikundi cha wageni kutoka Mbagala. Wao walianza, sisi tukafunga. Makubaliano yalikuwa kwamba baada ya hapo watu wapate kula, dijei aweke video za mchekeshaji King Majuto kwenye skrini, halafu vikundi viwili tukae meza moja tupeane tathmini kiungwana.

Igizo letu halikuwa baya. Wala halikuwa zuri. Tuliomba watazamaji watutajie mahali, na kwa faida ya mgeni asiyejua: hapa Dar ukiomba mahali, utapewa gesti. Ukisema jamani, pengine, utapewa kwa mganga. Tulikubali gesti. Bonge wetu akawa mke aliyekuja kumtafuta mumewe chumba kwa chumba, amevaa dera la kuazima, maiki ya kubana shavuni, na kile kikasha chake cha kurushia sauti kimefungwa kiunoni kwa khanga, ndani kabisa ya dera. Watu wakacheka hapa na pale. Mwisho ukakosekana, kiongozi akapiga honi, tukainama, tukaingia stoo moja kwa moja. Bonge akatelezesha maiki shingoni ili anywe maji. Dera hakulivua, alisema joto.

"Haya," kiongozi akasema, amekalia kreti ya soda. "Hapa ni sisi kwa sisi. Kila mtu aseme la moyoni. Nani anaanza?"

"Mimi, na naanza na wewe," akasema dada yetu mmoja wa Tanga, ambaye heshima zake zote huziacha Korogwe. "Umejipigia honi mwenyewe. Ulikuwa unaongea wewe, ukajichoka wewe, ukapiga honi wewe."

Ukumbini watu wakaangua kicheko.

"Dijei ameshaweka Majuto," kiongozi akasema kwa uchungu kidogo. "Mzee wa watu kafariki 2018 na bado anatufunika."

Tukatikisa vichwa. Ukumbini wakacheka tena, na sisi tukasema Mungu amrehemu, kile kilikuwa kipaji.

Katibu akachukua zamu. Yeye alitaka kuwazungumzia wageni. "Wazuri, siwanyimi. Ila yule kijana wao mrefu. Kapewa uganga, akawa mganga. Kapewa ukonda, akawa mganga anayedai nauli. Kapewa polisi, akaanza kupiga ramli." Kicheko kikaja hadi kreti zikatetemeka. Dada wa Tanga akasema hiyo lazima ni ile sehemu Majuto anaanguka.

Bonge alikuwa anapambana na kipande cha mshikaki. "Mimi sina neno na sanaa," akasema. "Neno langu ni chakula. Bosi katuahidi posho na msosi. Posho hatujaiona. Msosi nimeanza kuutafuna saa mbili, huu hapa bado ninao. Huyu mbuzi alikuwa na wajukuu."

Na mimi, kwa kufuata kanuni, nikasema, "Ndiyo, tena mjukuu mmoja ndiye ile supu."

Ukumbini wakaanza kupiga meza. Nakumbuka niliona wivu wa kweli. Nikawaza, sisi tumehangaika jukwaani na madera, kumbe hawa wanacheka hivi kwa video ya zamani.

"Halafu mnajua kwa nini nilisahau maneno pale katikati?" Bonge akaendelea. "Nilimwona yule baba wa meza ya mbele, mwenye shati la kitenge. Ijumaa iliyopita alikaa pale pale, na mama mwingine. Nikabaki najiuliza, sasa shemeji nimkaribishe yupi?"

Ukumbi ulipasuka. Kelele, miluzi, kiti kikaanguka, glasi ikaanguka, mwanamke akasema kitu kirefu ambacho hatukukisikia vizuri.

"Hapo Majuto kafumaniwa," kiongozi akasema.

Mlango ukafunguliwa. Alikuwa dada mhudumu, machozi yanamtoka, hawezi kuongea, anamnyooshea Bonge kidole kiunoni.

"Nini?" akasema Bonge.

"Nini?" zikasema spika za ukumbini, kwa sauti ya Bonge.

Bonge akapeleka mkono kwenye kikasha, na kote ukumbini tukasikia dera linakwaruza.

Naomba nieleze hapa kuhusu dijei, maana watu hudhani alikwenda chooni. Hakwenda popote. Video ya Majuto iligoma kufunguka, akasikia sauti zetu zinatoka, akaona wateja wanafurahi. Akaongeza sauti. Ndivyo alivyojieleza baadaye, kwa fahari kabisa.

Stoo ilikuwa na mlango mmoja, na mlango huo ulitokea ukumbini. Dada wa Tanga alipendekeza tukae mpaka alfajiri. Katibu alikuwa anapima dirisha kwa macho, kisha akamtazama Bonge, akaachana na dirisha. Ni kiongozi aliyesimama, akakung'uta suruali, akasema, "Ndiyo, tena," akatoka mikono juu kama mtu aliyepanga mambo yote tangu mchana.

Watu wakasimama. Sijawahi kusimamiwa na watu kabla ya hapo, isipokuwa kwenye daladala. Wakaja mbele na noti: Bonge alibandikwa za elfu mbili, za elfu tano, paji zima likajaa, wakahamia shavuni. Mimi kijana mmoja alijaribu kunibandika sarafu ya mia tano. Haikushika.

Kisha akaja baba wa shati la kitenge. Kiti cha pembeni yake kilikuwa kitupu, na funguo za gari, nilivyoelewa, zilikuwa zimeondoka na mwenye kiti. Ukumbi ukamtazama. Akasimama mbele ya Bonge, akakohoa.

"Kijana. Yule wa Ijumaa iliyopita ni dada yangu."

"Ndiyo, mzee," akasema Bonge, ambaye mazoezi yalikuwa yamemwingia mpaka kwenye damu. "Tena..."

Kiongozi akapiga honi.

Ile honi imetukanwa sana kikundini, lakini usiku ule iliokoa meno ya mtu.

Kikao cha vikundi viwili hatukuweza kukikwepa, kwa kuwa wageni walikuwa wamekaa mezani wanatusubiri, soda zimeagizwa. Tukaketi. Kiongozi akawapongeza dakika kumi na tano, akasifu sauti zao, mavazi yao, hata usafiri waliokuja nao. Wao wakasikiliza. Halafu kiongozi wao akamkaribisha yule kijana mrefu atoe tathmini kwa niaba ya kikundi. Akasimama, akatutazama mmoja mmoja, taratibu.

"Kwa kweli mmejitahidi," akasema. "Labda taa."

Akakaa.

Bosi ndiye niliyemwogopa kuliko wote, kwa ajili ya yule mbuzi. Alitufuata nje tukifunga vifaa, bahasha mkononi, na posho ilikuwa kamili. Nilihesabu mara mbili nikidhani kuna mtego. Kuhusu mishkaki hakusema lolote. Alisema, "Ijumaa ijayo ile ya jukwaani iacheni. Nataka ya stoo."

Tulijiandaa. Bosi akapandisha kreti jukwaani kabisa, pakafanana na stoo, na baa ikajaa mpaka watu wakakaa juu ya ndoo. Baba wa kitenge hakuonekana. Tukakalia kreti zetu, maiki kila mtu yake safari hii, na kiongozi akasema yale yale: hapa ni sisi kwa sisi, kila mtu aseme la moyoni.

Katibu akamshukuru Mungu. Dada wa Tanga, yule yule wa Korogwe, akasema amejifunza mengi kutoka kwa kiongozi, hasa matumizi ya honi. Mimi nikasema nawapenda wageni wa Mbagala. Bonge, ambaye ndiye watu walikuwa wamemfuata, akasogeza maiki mdomoni, akavuta pumzi, akaanza kusifu mishkaki. Akasifu ulaini wake, akasifu na ndimu, na alipofika kwenye pilipili mtu wa meza za nyuma akashindwa kuvumilia, akasimama juu ya ndoo yake:

"Rudini stoo!"