Lyra ni mwongo. Tatizo ni hilo kweli?

Shujaa wa Northern Lights, riwaya ya Philip Pullman iliyotoka mwaka 1995, ni msichana anayeitwa Lyra, na ni mwongo. Tena mwongo fundi. Akifikishwa kwenye kituo kinachowafanyia watoto unyama, anajiita Lizzie Brooks na kujifanya bwege ili wakubwa wasimtilie maanani. Wanaomlalamikia wana swali la haki kabisa: mtoto anayesoma haya atajifunza nini, ikiwa uongo unalipa kila mara?

Watetezi wake hukimbilia hoja ya Sungura. Sungura hana nguvu, ana akili, na hakuna bibi anayesita kumsimulia mjukuu jinsi Simba alivyoingizwa mjini. Hoja nzuri, ila inamfanya Lyra kuwa mwepesi kuliko alivyo.

Tazama kisa cha Iofur, mfalme wa dubu. Anatamani mno kuwa binadamu, hadi anapakata mwanasesere kana kwamba ni daimoni wake, yaani ile roho ambayo katika ulimwengu huo huishi nje ya mwili wa mtu kwa umbo la mnyama. Lyra anamwambia kwamba yeye ndiye daimoni wa Iorek, dubu aliye hasimu wa Iofur na rafiki wa Lyra, na kwamba Iofur akimshinda Iorek katika pambano la wawili, Lyra atakuwa daimoni wake. Mfalme anaimeza ndoano. Mapema Iorek alishamwonyesha Lyra kwamba dubu hadanganyiki. Huyu anadanganyika kwa sababu ameshaukana udubu wake. Lyra anamalizia tu kazi ambayo Iofur aliianza mwenyewe.

Kabla ya pambano Iorek anamtunuku msichana jina la Silvertongue, kwa kuusifu ulimi wake, kisha anashinda. Hapo walalamikaji wanapata nguvu: uongo umevishwa nishani.

Watetezi watajibu kwamba adhabu inakuja katika riwaya ya tatu ya mfululizo huo, ya mwaka 2000. Kweli, katika nchi ya wafu Lyra anaanza kutunga kisa cha maisha yake, na kiumbe mwenye mbawa anamrukia kwa hasira. Akisimulia ya kweli, vita vya udongo alivyopigana na watoto wenzake Oxford, viumbe hao wanatulia na kusikiliza. Mimi sioni adhabu hapo. Viumbe wale wana njaa ya hadithi za kweli. Hayo ni mambo ya usimulizi zaidi kuliko maadili.

Kinachonikera kiko mwishoni mwa riwaya ya kwanza. Lyra anasafiri hadi kwa baba yake, Lord Asriel, akiamini anampelekea chombo chake cha kusoma ukweli. Asriel anamwona na kushtuka vibaya. Kisha anamwona Roger, rafiki wa Lyra, amesimama nyuma yake, na anapoa. Alichohitaji ni mtoto, mtoto yeyote isipokuwa wake. Roger anakufa.

Katika safari hiyo Lyra hakumdanganya Roger wala baba yake. Alikuwa mkweli, mtiifu, na mwenye uhakika. Pullman mwenyewe anasema Lyra hana ubunifu mkubwa wa fikra, jambo la ajabu kwa mwongo hodari hivyo, lakini linaeleza mengi: hakuweza kuwaza kwamba baba yake angetaka kitu kingine. Mzazi anayeruka sura ya dubu kwa kuogopa uongo, halafu akaisoma hii bila wasiwasi kwa kuwa msichana hajasema uongo, amechagua vibaya pa kuogopa.