Mvua Iliyonyesha Kwetu Tu

Kila mtu ana ugonjwa wake, wangu ni kufungua vitu. Redio ya marehemu baba niliifungua nikiwa darasa la 4, na mpaka leo iko kwenye boksi kijijini, bado "inatengenezwa". Kazini niko masijala, nashinda na mafaili tangu asubuhi, kwa hiyo nikirudi nyumbani Nkuhungu, hapa Dodoma, mikono inakuwa na kiu ya waya.

Kiu nyingine ni ya maji yenyewe. Mtaani kwetu yanakuja kwa mgao, Jumanne na Ijumaa usiku, tena kwa kujivuta kama mtu aliyeitwa shambani. Yanaingia simtanki la chini, lita 2,000, halafu kapampu ka nusu hosipawa kanayapandisha kwenye simtanki la juu ya mnara, lita 1,000, ndipo mabomba ya ndani yatoe kitu. Shida ni kwamba anayewasha pampu husahau kuizima. Mwezi wa Agosti maji yalimwagika mara tatu, na mara zote aliyesahau ni mimi. Mama Neema anasema mara nne, lakini ile ya nne nilikuwa nimeshanyanyuka kwenda kuzima, kwa hiyo mimi siihesabu.

"Ita fundi aweke floti," akasema.

Floti ni kile kiboya kinachoelea ndani ya tanki. Maji yakipanda nacho kinapanda, kikifika juu kinakata umeme wa pampu. Kinapatikana duka lolote la vifaa vya ujenzi, kinafungwa kwa nusu saa, na hakina akili yoyote. Hilo la mwisho ndilo lililoniudhi.

"Mama Neema, dunia imeshatoka huko," nikamwambia.

Jumatatu jioni nikapokea mzigo wangu stendi ya Nanenane, umepanda basi kutoka Kariakoo. Nikautandaza mezani: bodi ya Arduino, yaani kikompyuta kidogo cha kuandikiwa programu, rilei, modemu ya kuwekea laini ya simu, na sensa.

"Sensa tena?" Mama Neema akauliza. "Si tulihesabiwa 2022?"

Nikamweleza kwamba hii inahesabu maji. Ni kadude kenye matundu mawili ya duara kama macho ya bundi. Jicho moja linapiga kelele ya kilohezi 40, ambayo sikio la binadamu haliipati, jicho la pili linasubiri mwangwi. Sauti hewani inakwenda kama mita 340 kwa sekunde. Ukijua mwangwi umetumia muda gani kwenda na kurudi, unazidisha kwa mwendo huo, unagawa kwa mbili, unapata umbali kutoka kwenye macho mpaka kwenye maji. Sentimita moja ni kama maikrosekunde 58, kwenda na kurudi. Nilimweleza yote hayo akiwa anachambua mchele.

"Sawa," akasema, "ila simtanki langu usilitoboe."

Naomba neno "umbali" uliweke mfukoni. Nililitamka mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu, mbele ya shahidi.

Jumanne nikaijaribu kwenye ndoo. Nikaishikilia juu, Neema akamimina maji kwa kopo, na namba kwenye kompyuta zikaanza kubadilika. Nikashangilia mpaka mtoto akaacha kumimina. Namba zimebadilika! Zinabadilika kuelekea wapi, hilo sikuuliza, na yeye mtoto wa darasa la 5 hakutaka kumharibia baba yake furaha.

Jumatano ilikuwa ya rilei, ile swichi inayopokea amri ya bodi na kuwasha kitu cha umeme mkubwa. Nikafunga taa ya chumbani ili kujaribu. Nikaiambia washa, ikazima. Nikaiambia zima, ikawaka. Usiku kucha taa inakwenda kinyume na maneno yangu, na Mama Neema kajifunika shuka usoni. Saa sita ndipo nikagundua kwamba rilei nyingi za bei hii zimeumbwa hivyo: mguu ukishushwa umeme ndipo zinawaka. Nikageuza mstari mmoja wa programu, mambo yakanyooka. Nadhani ushindi huo ndio ulioniponza. Mtu akishakamata kosa moja la kinyumenyume, anaamini la pili haliwezi kumpita.

Alhamisi modemu ilikuwa ikijizima kila inapotaka kutuma ujumbe. Inataka hadi ampia 2 kwa mshtuko mmoja, nami nilikuwa nimeilisha kwa chaja ya kitochi. Nikaibadilishia chaja, ikatulia. Nikanunua laini, nikaweka bando la meseji, na kwenye programu nikaandika namba ya Mama Neema peke yake, ili matunda ya jasho langu ayaone yeye kwanza.

Ijumaa nikaandika programu yote. Kwa Kiswahili inasomeka hivi: namba ikiwa chini ya 20, maji ni kidogo, washa pampu, na kila baada ya dakika 5 tuma ujumbe. Namba ikizidi 100, tanki limejaa, zima. Inaleta maana, siyo? Mimi pia niliiona hivyo.

Jumamosi ya Septemba, jua la kukaanga mayai. Nikapanda mnarani, nikatoboa mfuniko (mfuniko si simtanki, nilikuwa tayari kulitetea hilo hata baraza la kata), nikaipachika sensa macho yakitazama chini. Siku hiyo walikuwa wamefua mashuka, simtanki limebaki na maji ya kuchungulia. Nikashuka kwenda dukani kununua silikoni ya kuzibia tundu.

Nikiwa dukani, Mama Neema akawasha pampu kwa swichi yake ya zamani, akasimama palepale akaihesabia dakika, akalijaza simtanki mpaka juu, akazima, akajifunga kitenge chake cha kwaya, akaenda mazoezini. Hakuniambia kitu. Kwani huwa ninamwambia?

Nikarudi, nikaziba tundu, nikachomeka chaja. Kioo kikaandika 14. Nikajisemea, ona, walivyofua wamebakiza sentimita 14 tu. Rilei ikafanya "tik". Pampu ikanguruma. Nikajirekodi video ya dakika mbili nikieleza mustakabali wa maji jijini, kisha nikaenda kibandani kutazama mpira.

Kipindi cha kwanza hakikuwa na bao. Kipindi cha pili, dakika kama ya ishirini, mtoto wa nyumba ya kona akaja mbio.

"Baba Neema, kwenu kunanyesha!"

Kibanda kizima kikaangua kicheko. Mvua Septemba, Dodoma? Hapa tukiwahi sana tunaiona Novemba mwishoni, tena ya kuhesabu matone.

"Inanyesha kwenu tu," mtoto akamalizia.

Nadhani nilifika nyumbani kabla ya miguu yangu. Simtanki lilikuwa linabubujika pande zote za mfuniko, mnara mzima unachuruzika, na maji yameshafanya mto mwekundu wa udongo unaoelekea kwa bibi jirani.

Sasa inabidi nieleze kuhusu bibi. Ni Mgogo wa hapahapa, na siku hiyo alikuwa ameanika mlenda wake mlangoni kwenye turubai, umeshakauka, umeshatwangwa, akiba ya miezi. Mlenda mkavu ukiuona ni vumbi la kijani, unyenyekevu mtupu. Lakini hausahau asili yake. Ukiupa maji, hata yasiyo ya moto, unaanza kukumbuka.

Njia ya mkato kwenda kwenye swichi inapita kando ya turubai lile. Nilikanyaga ukingo wake kwa mguu wa kulia. Mguu ukaenda wenyewe. Wa kushoto ukaufuata kwa kuuonea huruma. Nikapita mbele ya mlango wa bibi nimekaa, mikono juu, kwa mwendo ambao pale mtaani sijawahi kuuona hata kwa bodaboda, mpaka nikasimama kwenye dimbwi chini ya mnara, tope likanipokea mpaka kiunoni.

Husimuliwa kwamba jina la mji huu limetokana na tembo aliyekuja kunywa maji akanasa kwenye tope, na Wagogo walipomwona wakasema "idodomya", amezama. Tangu nihamie nilidhani ni hadithi ya kuwafurahishia wageni. Bibi akatoka, ameshika ungo, akanitazama kwa utulivu.

"Idodomya," akasema.

"Shikamoo bibi," nikajibu. Sikuwa na jingine.

"Marahaba mjukuu wangu. Zima kwanza hicho kidude, salamu zitafuata."

Nikatambaa, nikachomoa chaja. "Tik." Pampu ilikuwa imeshaanza kulia kwa sauti ya kukwaruza, maana simtanki la chini lilikuwa limekauka. Lita zote zilizokuwa zimebaki humo, maji ya mpaka Jumanne, zilikuwa zimepanda juu na kushuka chini zikaenda kulimwagilia turubai la mlenda.

Hapo ndipo Mama Neema akafika, kitenge cha kwaya amekikunja mpaka magotini, simu mkononi. Hakusema neno. Alinipa tu nisome. Meseji 16, zote za namba moja: TANKI SM 14. MAJI KIDOGO. NAWASHA PAMPU.

"Mazoezini," akasema taratibu, "kila tukifika kwenye pambio, inaingia. Mwalimu wa kwaya ameniuliza kama nina mgonjwa."

"Ulinipigia?"

"Mara tisa."

Simu ilikuwa ndani, pale nilipojirekodia video.

Nikaanza kujitetea. Nikasema kifaa kimeharibika, kinasoma 14 wakati tanki limejaa, labda unyevunyevu umeingia kwenye sensa. Bibi akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akalisogelea pipa lake la mtama, akaligonga kwa kifundo cha kidole juu, halafu akaligonga chini.

"Mimi mtama nausikiliza hivi. Hapa juu panalia, ni patupu. Hapa chini pamenyamaza, pana mtama. Ninachokisikia mimi ni ule utupu, mjukuu wangu. Hicho chako kimekaa juu kabisa kwenye mfuniko. Kinapima maji, au kinapima utupu?"

Nilifungua mdomo. Neno "umbali" likaja lenyewe, bila kuitwa. Sentimita 14 kutoka kwenye mfuniko mpaka kwenye maji. Tanki likijaa, namba inashuka. Likikauka, inapanda. Nilikuwa nimekiamuru kifaa kiongeze maji pale tu yanapojaa, na kipumzike yakikauka, nacho kilitii kwa uaminifu ambao masijala hatujawahi kuuona.

"Hata kwenye ndoo namba zilikuwa zinashuka," Neema akasema kutoka dirishani.

"Kwa nini hukusema?"

"Ulikuwa unacheza, baba."

Jumapili niliianzia soko la Majengo, nikamnunulia bibi mlenda mkavu na kisado cha karanga juu yake. Aliuonja kwa ncha ya ulimi, akasema umechanganywa na mchanga, ila atausamehe. Maji ya juu yalipoisha, mpaka Jumanne tulinunua maji ya mkokoteni, dumu kwa dumu, na aliyeyabeba kuyapandisha kwenye pipa la jikoni unamjua.

Fundi wa bomba alikuja Jumatatu. Alifunga floti kwa dakika 25, anatafuna muwa. Alipoliona tundu la mfuniko akauliza ni la nini. Mama Neema akamjibu kwamba ni la sensa, na fundi akatikisa kichwa kama mtu aliyeelewa.

Kifaa changu kiko juu ya kabati. Mistari miwili tu ya kugeuza, na ningekuwa nimeshaigeuza, lakini laini ilichukuliwa. Yuko nayo Mama Neema. Ameiweka kwenye simu yake ya pili, na kwa kuwa namba ile kwenye simu yangu nilikuwa nimeihifadhi kwa jina la "Tanki", sasa nikiwa kazini, katikati ya mafaili, Tanki linaniandikia.

Jana saa nane mchana: SUKARI SM 2. GESI SM 0. WASHA PAMPU.

Nikamuuliza, zimepimwa kutoka juu au kutoka chini?

Mpaka sasa hajajibu.