Marejesho ya kila wiki na ziwa linalovuliwa gizani

Wapo wanaosema mkopo ndo umemtoa mwanamke jikoni, na wapo wanaosema mikopo imewamaliza wamama wa watu. Mimi nimezisikia zote mbili asubuhi moja pale Kibirizi, mwalo wa Kigoma kwenye Ziwa Tanganyika, kwa wamama wanaosubiri vipe (vyombo vya kuvulia) virudi na dagaa, na kusema ukweli hakuna aliyekuwa anadanganya.

Tuanze na hao wanaousifia. Mama asiye na mtaji anachukua dagaa kwa mali kauli, yani mzigo kwanza hela baadaye, sasa ukishachukua mali kauli hata bei hupangi wewe, unapangiwa, na jioni mwenye chombo anataka hela yake uwe umeuza hujauza. Mwenye hela mkononi anachagua mzigo, anasema huu hapana, lete ule. Na ile mikopo ya halmashauri haina riba kabisa: kila halmashauri inatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Ilisimamishwa 2023 ikarudi 2024, na kipindi kile haipo wamama hawakukaa kusubiri, tumbo halisubiri, wengi walikimbilia kausha damu, ile mikopo ya mtaani yenye riba kali.

Na hapo ndo wanaolaumu wana pointi. Kausha damu unarejesha kila wiki, kwingine kila siku, ukichelewa wanakuja kubeba tv, godoro, mpaka sufuria. Halafu tusifichane, kuna mikopo ina jina la mke lakini hela kala baba, siku ya marejesho anayejificha nyuma ya nyumba ni mama.

Ila mi naona pande zote mbili zinabishana kuhusu riba na kiasi tu, wakati tatizo kubwa la huku kwetu ni kalenda. Dagaa wa Tanganyika wanavuliwa usiku kwa taa, zamani karabai siku hizi za betri na sola, na taa inawavuta dagaa kukiwa na giza, yani siku ambazo mwezi haupo. Mwezi ukiwa mpevu mwanga unatapakaa ziwani, taa haifui dafu, wavuvi wanakaa nyumbani wanashona nyavu, yani kama wiki nzima hivi kila mwezi pwani imelala. Mama anayeuza dagaa wiki hiyo anauza nini? Afisa mikopo yeye anahesabu Jumatatu kwa Jumatatu, mwezi mpevu haumhusu, kwa hiyo mama anakopa kwingine kulipa huku, na hapo ndo kamba inaanza kukaza. Mwaka 2024 ziwa lilipofungwa kuanzia katikati ya Mei mpaka katikati ya Agosti ili samaki wazaliane (jambo la maana, samaki walikuwa wanapungua kweli) ilikuwa miezi mitatu mizima, piga mwenyewe hesabu ni marejesho mangapi hayo.

Kuna wanaosema basi wamama wamiliki vipe, maana faida kubwa iko kwa mwenye chombo. Nakubali nusu. Nyavu zinachanika, injini zinaibiwa, na ukikaa nchi kavu huwezi kujua waliovua usiku wameuza kiasi gani hukohuko majini, kwa hiyo kumpa mama deni la chombo asichoweza kukisimamia ni kumtafutia presha. Mi naona bora kichanja cha kuanikia dagaa, ni kitu kidogo zaidi, mbao, misumari na wavu, dagaa hawaingii mchanga, wanakauka haraka, na mzigo usio na mchanga mnunuzi wa Dar au wa Kongo anauangalia kwa jicho jingine. Mvua za Novemba ukiwa umeanika chini unapoteza mzigo wote kwa nusu saa.

Mama mdogo wangu ana miaka mingi kwenye dagaa pale. Nilimuuliza, ukipewa uchague, mkopo mkubwa zaidi au kichanja? Akanijibu huku anageuza dagaa wake mchangani, we mwanangu kwanza kaniulizie kama marejesho yanaweza kuanza giza likiingia.