Jani Moja Halitoshi Kuuita Mti Mwarobaini

Picha za mtandaoni huwa ni zile zile: jani dogo moja limenyofolewa, limelazwa kiganjani, na chini yake swali, "Jamani, huu mti ulioota uani ni mti gani? Mwaka mzima uko kijani." Hakuna anayemuuliza mwenye picha maua ya mti huo yakoje. Majibu yameshajaa: mwarobaini huo, chemsha, kunywa asubuhi na jioni.

Hili linaniuma kweli. Kuna mti uitwao mmelia, ni ndugu wa mwarobaini, na majani yao ukiyatazama moja moja yanakaribiana mno. Lakini matunda ya mmelia ni sumu. Yanatapisha, yanaharisha, yakizidi yanaleta degedege na hata kifo.

Tafadhali anzeni na jani zima. Fuata uti wake mpaka unapoungana na tawi. Pale kwenye kwapa, yaani pembe kati ya uti na tawi, kuna chipukizi dogo. Vyote vinavyoshikiliwa na uti huo, kuanzia hapo, ni jani moja. La mwarobaini lina uti mmoja tu, kama sentimita 20 hadi 40, na vijani vidogo vimepangwa kulia na kushoto. Kingo za kila kijani zina meno, na kitako chake kimekwenda upande: nusu moja pana, nyingine nyembamba. Kijani cha nchani mara nyingi hakipo. Kwa mmelia, uti mkuu unagawanyika kwanza, unatoa nyuti za pembeni, na vijani vimekaa kwenye hizo. Ukinyofoa kimoja tu ukakipiga picha, alama yenyewe umeiacha mtini.

Maua yanamaliza ubishi. Ya mwarobaini ni meupe. Ya mmelia ni ya zambarau hafifu, na katikati kuna kimrija cha zambarau iliyokoza. Tunda la mwarobaini ni la mviringo mrefu, kokwa yake nyororo isiyo na mifereji. La mmelia ni duara, kokwa ngumu yenye mifereji, na hubaki limening'inia hata majani yakiisha.

Kuonja hakusaidii, yote miwili ni michungu. Na huo ukijani wa mwaka mzima? Haya, ni dalili, maana mmelia hupukutika penye baridi au kiangazi kirefu. Ila ukame ukizidi hata mwarobaini huvua majani.

Programu za simu zinasaidia, nakubali, mkizipa picha za maana: mti mzima, tawi lenye jani zima pembeni ya rula, ua kwa karibu, tunda lililopasuliwa.

Na hata ukithibitika kuwa ni mwarobaini, mtoto mchanga msimnyweshe mafuta yake, yameshaua watoto.

Mche mdogo ndio mgumu zaidi, kwa sababu majani yake ya kwanza hayajapata umbo la mti mkubwa. Huo uacheni ukue hadi utoe maua, na kwa muda wote huo usiingie sufuriani.