Usirushe Ndege kwa Pua

Mwezi uliopita niliizamisha ndege ndogo, Cessna 172, kwenye Ziwa Tanganyika. Injini ilikuwa nzima, mafuta yalikuwepo, upepo haukuwepo. Nilikuwa nimetoka Tabora nikifuata reli: Urambo, Kaliua, Nguruka, Uvinza, mwendo wa karibu saa moja na dakika arobaini na tano. Nikaupitiliza mji wa Kigoma ili nigeuzie juu ya maji, kisha nirudi kutua. Mshale mrefu wa altimita, geji ya kimo, ulikuwa kwenye 6, yaani futi mia sita. Mshale mfupi, ule wa maelfu, niliuona umepita 3 kidogo. Nikajiambia, futi 3,600, nina futi elfu moja za kuchezea. Nikaendelea kushuka taratibu huku natafuta uwanja uko wapi. Maji yakanipokea.

Ziwa letu liko futi 2,500 na ushee juu ya usawa wa bahari. Mshale mfupi haukuwa umepita 3, ulikuwa katikati ya 2 na 3, na mimi nilikuwa futi 2,600. Uwanja wa Kigoma wenyewe uko kama futi 2,700. Kwa maneno mengine, nilikuwa nautafuta uwanja huku niko chini yake.

Haya yote yalitokea mezani kwangu, kwenye simuleta ya X-Plane, programu ya kompyuta ya kuigiza urushaji wa ndege, na kilicholowa ni heshima yangu tu. Nyuma yangu alikuwa amekaa mjomba, dereva wa treni mstaafu, ambaye huja kunisalimia jioni na kuishia kutazama ninavyohangaika. Hakucheka. Alisema tu, "Mjomba, wewe unaendesha kwa pua."

Nilijitazama. Pua yangu ilikuwa shubiri moja tu kutoka kwenye kioo.

Usiku ule nikachukua rula. Geji ya kawaida ya ndege ndogo huingia kwenye tundu la inchi 3 na moja ya nane, karibu sentimita 8. Rubani wa kweli huiangalia kutoka umbali wa sentimita 70 hadi 80. Kwenye kompyuta yangu mpakato ya inchi 15.6, altimita ileile ilikuwa na upana wa sentimita 2.4. Kifuniko cha soda kinaishinda. Tena kioo changu ni cha pikseli (nukta zinazounda picha) 1366 kwa 768, kwa hiyo altimita nzima ilipewa pikseli 94. Ukingoni mwake kuna vistari 50, kila kimoja futi 20. Ukivigawia nafasi iliyopo, kila kistari kinapata pikseli 5 pamoja na uwazi unaokitenga na jirani yake. Kile kidirisha cha kuwekea kanieneo ya hewa ndiyo kabisa: 29.92 na 29.82 vilikuwa mapacha wasiotofautishika, na tofauti ile ya sehemu moja ya kumi ya inchi ya zebaki ni karibu futi 100 angani.

Kwa hiyo macho yangu hayakuwa mabovu. Nilikuwa natafuta kitu ambacho kompyuta haikukichora.

Sasa nije kwenye ugomvi wangu. Katika mchezo huu kuna wenzetu ambao ukiwaambia unaikuza dashibodi ili usome, wanakuangalia kama mwanafunzi aliyeingia na karatasi mfukoni kwenye mtihani. Wanasema rubani wa kweli hana kitufe cha kukuza. Rubani wa kweli anakaa, anaona bawa kushoto, bawa kulia, upeo wa macho wote, basi na wewe fungua picha iwe pana vilevile. Nimewasikiliza miaka miwili. Sasa nasema wamekosea, na hesabu ninayo.

Kioo cha inchi 15.6 kina upana wa sentimita 34.5. Ukikaa sentimita 60 kutoka hapo, kinachukua nyuzi 32 tu za mwono wako. Ni dirisha dogo. Lakini simuleta yangu ilikuwa imewekwa ibane nyuzi 75 za dunia ndani ya dirisha hilo la nyuzi 32. Kila kilichomo lazima kisinyae, na kilichokuwa kidogo tangu mwanzo ndicho kinachopotea kwanza. Mlima ukisinyaa bado ni mlima. Namba ya altimita ikisinyaa ni doa. Sasa nani anadanganya hapa, anayeirudishia geji ukubwa ambao rubani anauona, au anayeng'ang'ania geji ya sentimita mbili na nusu kwa jina la uhalisia? Hakuna Cessna duniani yenye altimita ya ukubwa ule.

Nilipoingia kwenye mipangilio ya picha na kushusha ile pembe ya mwono kutoka nyuzi 75 hadi 45, altimita ilifika sentimita 4.4 na pikseli 174. Sikununua kitu. Ni kuburuta kitelezi kimoja tu, na nilikaa miaka miwili bila kukigusa kwa sababu nilipenda kuliona bawa.

Gharama ipo, sifichi. Ukibana pembe, bawa linatoka kwenye picha, na ukitaka kuona uwanja ulio ubavuni lazima ugeuze kichwa cha kwenye kompyuta. X-Plane inakuruhusu kuhifadhi mitazamo: unabonyeza Ctrl pamoja na tarakimu ya pembeni mwa kibodi, na siku nyingine ukibonyeza tarakimu hiyo peke yake unarudishwa palepale. Mimi ninayo minne. Mmoja wa mbele, mmoja wa geji sita kwa karibu, mmoja wa redio, mmoja wa dirisha la kushoto kwa ajili ya kutua. Mjomba alipoona naruka kutoka mmoja kwenda mwingine alisema hivyo ndivyo ilivyo hata kwenye kichwa cha treni. Huwezi kuona njia, geji za breki na kioo cha pembeni kwa mkupuo. Unazungusha shingo.

Wengine hutafuta dawa dukani. Rafiki yangu mmoja wa Ujiji aliunganisha televisheni ya inchi 32, akaja kulalamika kwamba geji bado ni ukungu. Nilimuuliza televisheni ina pikseli ngapi. Ni 1366 kwa 768, kama kompyuta yake. Basi altimita yake imekuwa sentimita 4.9 lakini bado ina pikseli zilezile 94, zimenenepeshwa tu. Ukubwa na ukali ni vitu viwili. Ukubwa unamsaidia mwenye macho yaliyochoka. Ukali unamsaidia kila mtu. Kioo cha mezani cha mtumba cha inchi 24 chenye pikseli 1920 kwa 1080 ni kidogo kuliko televisheni ile, na kwa pembe ileile ya nyuzi 75 kinakupa altimita ya pikseli 132. Kama una hela ya kitu kimoja, na macho yako bado ni ya kijana, nunua hicho.

Halafu kuna wanaonunua kioo kizuri na kukiharibu wenyewe. Kompyuta ikilemewa, wanawasha ule mpangilio unaochora picha ndogo kisha kuivuta ijae kioo. Miti inabaki mizuri, mawingu yanabaki mazuri, namba zinapakaa kama wino uliomwagiwa maji. Mimi nimekata miti. Nimepunguza vivuli, nimepunguza majengo, picha nikaiacha ichorwe kwa ukubwa wake kamili. Pori la kutoka Kaliua hadi Malagarasi kwenye kompyuta yangu sasa lina upara, anayelijua pori lile angesikitika. Lakini kistari cha futi 20 nakiona.

Kwa wanaoanza nina ushauri ambao utawaudhi wengi: acheni Cessna yenye vioo vya G1000, yaani skrini za kompyuta zilizochukua nafasi ya geji za mishale. Najua inapendeza, na katika X-Plane zipo zote mbili, ya geji na ya vioo, kwa hiyo mkono unakimbilia ya kisasa. Kioo kimoja cha G1000 kina pikseli 1,024 kwa upana. Kwenye kompyuta kama yangu, kwa pembe ya nyuzi 75, kioo kile kizima kinapewa kama pikseli 250. Huo ni ugali wa sufuria uliolazimishwa kwenye kikombe. Tena habari zake nyingi ni tarakimu, na tarakimu isiyosomeka haina msaada wowote.

Mshale ni kitu kingine. Mshale unausoma hata bila kuona namba, na hili ndilo somo ambalo mjomba alinipa bila kujua ni somo. Nilimuuliza zamani alikuwa anasomaje geji usiku, kichwa cha treni kinatikisika, taa hafifu. Akasema, "Nilikuwa sisomi. Nilijua mshale unakaa wapi. Ukihama, ndiyo nasoma." Marubani wa geji hufanya hivyohivyo. Kwenye Cessna 172S mwendo una rangi zake: utepe mweupe kutoka noti (maili za baharini kwa saa) 40 hadi 85, kijani hadi 129, njano hadi 163, halafu mstari mwekundu ambao hauvukwi. Ukija kutua kwa noti 65 mshale uko ndani ya mweupe, na ukishazoea unajua uko pembe gani ya saa. Wiki mbili nilijilazimisha kurusha bila kutamka namba hata moja, nikitaja sehemu mshale ulipo tu. Macho yalipumzika ajabu.

Isipokuwa altimita. Ile ina hila, na haikuanza na mimi. Mwaka 1947 watafiti wa Marekani, Fitts na Jones, walichambua makosa 270 ya marubani katika kusoma na kuelewa vipimo, na altimita ya mishale mitatu, ambayo mshale wake wa tatu huhesabu makumi elfu ya futi, ilikuwa miongoni mwa wakosaji wakubwa. Miaka kumi na moja baadaye, tarehe 24 Desemba 1958, ndege aina ya Bristol Britannia iliyokuwa kwenye safari ya majaribio kusini mwa Uingereza iligonga ardhi kwenye ukungu, na watu 9 walikufa. Walikuwa wameisoma altimita ya mishale mitatu wakadhani wako futi elfu kumi juu zaidi ya walipokuwa. Hawa walikuwa watu wa kazi, na geji yao ilikuwa ya ukubwa kamili. Mimi na pikseli zangu 94 nilitegemea nini?

Siku hizi natamka altimita kwa sauti, mshale mfupi kwanza. "Mbili na kitu." Halafu mrefu. Jirani akinisikia kupitia ukutani atajua mwenyewe la kufanya.

Mwanga nao. Dirisha langu linatazama magharibi, na kuanzia saa kumi na moja jua la ziwani linaingia moja kwa moja hadi kwenye kioo. Cha kuchekesha ni kwamba ndani ya simuleta nako ni saa kumi na moja, jua lilelile liko mbele, na programu inaifanya dashibodi kuwa nyeusi kwa sababu nje kunang'aa. Jua mbili kwa mpigo! Kanga ya mama watoto iliyotundikwa dirishani imenisaidia kuliko mipangilio yoyote. Usiku nageuza: sikai gizani na kioo kinachowaka peke yake, naweka taa ndogo nyuma ya kompyuta ukutani, na macho hayaumi tena kama zamani. Mtu akikodolea kioo hupepesa kope mara chache kuliko kawaida, ndiyo maana macho hukauka. Nikichoka natoka barazani kutazama taa za wavuvi wa dagaa. Usiku usio na mwezi ziwa huwa kama mji wa pili.

Kwa wakubwa zaidi, miaka arobaini na kuendelea, kuna mtego wa miwani. Miwani ya kusomea hupimwa kwa kitabu, karibu sentimita 40. Kioo kiko 60 au zaidi. Ndiyo maana mtu anavaa miwani na bado anasogea, kisha shingo inauma kesho yake na analaumu kiti. Mwambie mpimaji wa macho umbali halisi wa kioo chako. Upime umbali huo kabisa kwa rula, usikisie.

Mjomba hana habari na hayo. Jumapili alikuja, nikamwamkia, akaitikia, akauliza kama leo tunazama tena. Nikahamishia kompyuta sebuleni, nikaiunganisha na televisheni ya inchi 32, pembe nikaiweka nyuzi 45. Kwa mpango huo altimita inakuwa na upana wa sentimita 9, kubwa kuliko ya Cessna yenyewe. Ukali wake si wa kujivunia, lakini pikseli 174 zinatosha. Yeye alikaa kwenye kochi, mita moja na nusu hivi, miwani iko mfukoni. Tukaondoka Tabora.

Reli ilionekana vizuri upande wa kushoto. Alikuwa kimya hadi tulipopita Urambo, ndipo akaanza kutaja stesheni kabla hazijafika. Katikati ya stesheni alikuwa ananitajia na altimita, bila kuombwa, kwa sauti ya mtu anayesoma ratiba: "Mfupi umepita sita. Mrefu kwenye tano." Nilitazama. Futi 6,500.

Nguruka ilipotokea mbele alijiinua kidogo kwenye kochi.

"Hapa husimami?"

"Hapana, mjomba."

"Watu walikuwa wanakula hapa," alisema, akarudi kuangalia mishale.