Iona: kuliezeka gofu au kuliacha?

Ukishuka feri kisiwani Iona, magharibi mwa Uskoti, jengo la kale unalokutana nalo kwanza ni nyumba ya watawa wa kike. Haina paa. Kuta zake za mawe ya rangi ya waridi, hapa zimebaki usawa wa kifua, pale zimepanda hadi juu kabisa, na ndani ya vyumba nyasi zimefyekwa vizuri. Dirishani unaona mawingu tu. Endelea na barabara kwa mwendo mfupi, utaifikia abasia, yaani makao ya watawa, ya wanaume: paa zima, milango inafunguka, kengele inalia, jikoni kuna mtu anapika. Zote mbili zilianzishwa karibu mwaka 1200 na mtawala mmoja, Ranald mwana wa Somerled, na zote mbili zilibaki tupu baada ya Matengenezo ya Kiprotestanti ya 1560. Moja imefufuliwa, nyingine imeachwa gofu.

Msomaji aliyefika Peramiho au Ndanda, kusini mwa Tanzania, anajua abasia ni kitu gani, na hawa wa Iona walikuwa Wabenedikto kama wale. Ila kisiwa chenyewe kilikuwa kitakatifu zamani kabla yao, tangu mtawa Columba alipovuka kutoka Ireland mwaka 563.

Mwaka 1899 mwenye kisiwa, Duke wa Argyll, aliyakabidhi magofu kwa wadhamini, kwa sharti kwamba Wakristo wa madhehebu yote waruhusiwe kusali pale. Kanisa likaezekwa, kazi ikaisha 1910. Bweni, chumba cha kulia na vyumba vingine vya watawa vikabaki vinanyeshewa. Ndipo mwaka 1938 George MacLeod, mchungaji wa Govan, mtaa wa wajenzi wa meli jijini Glasgow, alipoacha usharika wake na kuanzisha Jumuiya ya Iona. Govan ilikuwa imejaa mafundi waliokaa miaka bila kazi. MacLeod aliwachukua waashi na maseremala, akawaunganisha na wachungaji vijana waliotoka chuoni juzi, na mpangilio wa kazi ukawa huu: fundi ndiye mkubwa, mchungaji ni saidia fundi. Abebe mawe, achanganye chokaa, aambiwe arudie. Walikula meza moja na kusali pamoja asubuhi na jioni. Kazi iliendelea kila kiangazi, hata wakati wa vita mbao zilipokuwa adimu, na ikakamilika 1965.

Waliopinga hawakuwa watu wa roho mbaya. MacLeod aliambiwa yuko nusu njia kwenda Roma na nusu njia kwenda Moscow, yaani Mkatoliki nusu na mkomunisti nusu, lakini hayo ni ya siasa za kanisa na yamepita. Hoja nzito ni ya wahifadhi. Tangu 1877, msanii William Morris na wenzake walipoanzisha chama chao cha kulinda majengo ya kale jijini London, msimamo wao ni kwamba jengo la kale lizibwe nyufa, lizuiwe maji, liegemezwe lisianguke, basi. Ukijenga upya kilichopotea, unakisia. Hata ukikisia vizuri, mgeni atakayekuja baada ya miaka hamsini hataweza kutofautisha jiwe la mwaka 1400 na la mwaka 1950, na hapo umemnyima ushahidi. Gofu, kwa maoni haya, ni hati, na hati iliyochanika haijazwi maneno.

Hoja hiyo naiheshimu, na nimeona mafundi wenye haraka wakiithibitisha kuwa kweli. Karne iliyopita ukuta mwingi wa kale uliojengwa kwa chokaa ulizibwa kwa simenti. Simenti haipumui kama chokaa. Maji yanayoingia yanakosa pa kutokea, yanatokea kwenye jiwe lenyewe, baridi ikija yanaganda na uso wa jiwe unabanduka vipande. Mkarabati mwenye nia njema asiyejua chokaa anaweza kuharibu kwa miaka thelathini kilichohimili mvua miaka mia tano.

Lakini watetezi wa gofu huzungumza kana kwamba kuacha ni bure. Ukuta usio na paa unanyeshewa kutoka juu, mahali ambapo mjenzi hakutarajia maji yaingie kamwe. Lazima kila baada ya miaka fulani mtu apande, ang'oe vichaka, azibe kichwa cha ukuta. Nani huyo? Jengo lenye watu lina jibu jepesi: anayelala ndani ndiye anayesikia tone la kwanza likianguka usiku, na asubuhi anatafuta ngazi.

Hapo ndipo chama cha watu kinapoizidi ofisi ya serikali, na pia ndipo udhaifu wake unapojificha. Kule Brittany, Ufaransa, wenyeji wanaoizunguka abasia ya Bon-Repos, iliyoanzishwa 1184, waliunda chama chao miaka ya 1980, na fedha za ukarabati wakazichangisha kwa maonyesho ya usiku ya Agosti, mamia ya wanakijiji wakiigiza kwa kujitolea. Ni jambo zuri mno. Ila wanachama huzeeka, na paa halingoji. Iona yenyewe ilifika hapo: mwaka 2000 utunzaji wa abasia ulihamia kwa idara ya serikali ya mambo ya kale, mgeni sasa analipa kiingilio, na Jumuiya imebaki ikiishi na kupokea wageni katika vyumba ilivyovijenga. Navyo vilichoka. Ukarabati wao wa karibuni, uliokwisha 2021, umemeza mamilioni ya pauni.

Nje ya mlango wa kanisa kuna Msalaba wa Mtakatifu Yohane. Ule wa asili, wa karne ya 8, mikono yake ilikuwa mipana kupita nguvu ya jiwe. Uliungwa, na miaka ya 1950 upepo ukauangusha mara mbili. Vipande vyake vimeunganishwa ndani ya jumba la makumbusho, nyuma ya abasia. Unaosimama nje ni wa zege, wa mwaka 1970, umechomekwa kwenye kitako kilekile cha kale. Anayeuliza anaambiwa wazi ni nakala. Mimi naona hapo mpinzani na mjenzi wote wamepata haki yao: hati imelazwa pakavu, na mahali pale hapakubaki na shimo.

Kwa hiyo nasimama na MacLeod, kwa sababu alikuwa na watu wa kuingia ndani ya vyumba hivyo kabla hajaweka jiwe la kwanza. Kwa sababu hiyohiyo, akija mtu leo na mchoro wa kuiezeka nyumba ya watawa wa kike kule karibu na gati, ningemwomba aukunje. Hakuna mtawa anayekuja kulala humo. Fedha hizo zinunue chokaa, zimlipe fundi wa kupanda kuta zile na kung'oa vichaka kabla mizizi haijafika kwenye viungo vya mawe.